Fractal Design Terra: kesi ya lita 10 inayokulazimisha upime kila kitu kabla hujatoa hela

Wakuu, nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asome hapa aondoke. Terra ya Fractal Design ni kesi (boksi la nje la kompyuta) nzuri sana ya kujengea kompyuta kali lakini ndogo, nimeipenda, naitumia kila siku kwa gemu na kuediti video, ila haimfai mtu anayenunua vifaa kwa kuangalia soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) tu. Hii kesi inataka milimita. Ukilielewa hilo mambo yote yanakaa, usipolielewa utajikuta na prosesa ya milioni, kadi ya grafiki ya milioni na ushee, na mlango haufungi.

Na kwetu huku ishu ya vifaa kutokuingiliana inauma kuliko kwa mtu wa Ulaya au Marekani, maana yule akiona kitu hakijakaa anakirudisha dukani anapewa kingine. Sisi maduka ya Kariakoo, na hata yale ya Luthuli Avenue kule Nairobi, kompyuta za mezani zilizojaa ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, mashine nzuri tu kwa kazi za ofisi, lakini ukitaka bodi ya ITX (bodi mama ndogo) ya AM5 (soketi ya prosesa za AMD) au pawa saplai ya SFX (saizi ndogo) mara nyingi ni ya kuagiza, Dubai, Uingereza au China, alafu ulipie kago, alafu usubiri. Kitu kikishafika ndio kimefika. Kwa hiyo swali la "hiki kitaingia na kile?" lazima lijibiwe kwenye karatasi kabla hela haijatoka mfukoni, na Terra ndio kesi iliyonifundisha kulijibu vizuri.

Kesi yenyewe ilitoka 2023, bei ya kuanzia ilikuwa dola 179.99 kabla ya usafiri. Ujazo wake ni lita 10.4, vipimo milimita 343 kwa 153 kwa 218, yaani inakaa mezani pembeni ya monita bila kumsumbua mtu. Nje ni aluminiamu, mbele ina kipande cha mbao halisi ya walnati, milango miwili ya ubavuni inafunguka kwenda juu bila bisibisi. Rangi zipo ya fedha, ya kijivu cheusi na ya kijani. Ndani ya boksi unakuta na raiza ya PCIe 4.0, ile kebo bapa inayounganisha bodi na kadi ya grafiki, na hilo ni jambo zuri maana raiza nzuri ukiinunua peke yake sio bei ndogo.

Sasa njoo kwenye kitu kinachoifanya Terra iwe Terra: ukuta wa katikati. Upande mmoja wa ukuta inakaa bodi, prosesa na pawa saplai, upande wa pili inakaa kadi ya grafiki peke yake, zinapeana mgongo. Huo ukuta unasogea. Ukiusogeza kuelekea upande wa prosesa, kadi inapata nafasi zaidi, ukiusogeza upande wa kadi, kipoza joto cha prosesa (ile feni na bati lake) kinapata nafasi zaidi. Ni watu wawili wanaolala na shuka moja, mmoja akivuta mwenzake anabaki nje. Kwa namba ni hivi: kadi inaweza kupewa unene wa kuanzia milimita 43 mpaka 72, na kipoza joto kimo cha kuanzia 77 kushuka mpaka 48. Jumlisha 43 na 77, jumlisha 72 na 48, zote zinakuja 120. Hiyo 120 iandike ukutani kwako maana ndio siri ya kesi nzima: unene wa kadi yako ukitoa kwenye 120, kinachobaki ndio kimo cha kipoza joto ulichoruhusiwa.

Watu wengi wanaanza na prosesa. Kwenye kesi kubwa sawa, kwenye hii mimi nasema anza na kadi ya grafiki, maana ndio kitu kinene, kirefu, kinachokula umeme mwingi na chenye bei, kila kingine kinajipanga kuifuata yenyewe. Mimi nilichagua RTX 4070 Super toleo la Founders Edition, lile linalotengenezwa na NVIDIA wenyewe, nikabebewa na ndugu yangu kutoka Uingereza kwa sababu halikuuzwa kila duka. Lina urefu wa milimita 244, upana 112, unene wa sloti mbili ambazo ni kama milimita 40. Wati 220. Terra inapokea kadi mpaka urefu wa 322, kwa hiyo pale mbele inabaki nafasi ya kupitisha waya, na kwa unene nikaacha ukuta kwenye 43, upande wa prosesa nikabaki na 77 zote. Utendaji wake na unene wake ukivilinganisha, kwa kesi ndogo ile kadi ni tamu sana.

Ukichukua kadi ya aina hiyohiyo kutoka kampuni nyingine unaweza kukuta ina feni tatu na unene wa sloti tatu, na kasi ndani ya gemu haina tofauti ya maana. Kwenye kesi kubwa haikuhusu. Hapa unene wa 60 unamaanisha kipoza joto chako kimebaki na 60, na hapo umeshapoteza vile vizuri vya 70. Kwa hiyo usisome jina la kadi tu, fungua ukurasa wa mtengenezaji, tafuta namba tatu, urefu, upana na unene, na zile za duka usiziamini mpaka uone za mtengenezaji.

Juni 2024 NVIDIA walileta kitu cha maana kwa watu wa kesi ndogo, alama ya "SFF-Ready", yaani kadi isizidi urefu wa 304, upana wa 151 ukihesabu na nafasi ya waya kukunja, na unene wa 50 au sloti mbili na nusu. Ukiona hiyo alama kazi ya kutafuta inapungua sana, na angalia hesabu inavyokaa: 120 toa 50 unabaki na 70, ambayo ndio kimo kamili cha kipoza joto cha NH-L12S cha kampuni ya Noctua. Ila upana bado uupime na kesi yako, maana waya wa umeme unatokea kwenye ubavu wa kadi unaangalia juu na ukibanwa na kesi ndio matatizo yanaanza.

Hilo la waya naomba lisipitwe haraka. Kadi nyingi za kisasa za NVIDIA zinatumia ile plagi ndogo ya pini 16. Mwishoni mwa 2022 zilianza kuonekana adapta za RTX 4090 zilizoyeyuka, baadae plagi ikafanyiwa marekebisho ikaitwa 12V-2x6. Kwenye kesi ndogo waya unalazimika kukunjwa karibu na plagi, na plagi ambayo haijaingia mpaka mwisho ndio hatari yenyewe. Kwa hiyo tafuta pawa saplai inayokuja na waya wake wa pini 16 badala ya kutumia ile adapta nene ya ndani ya boksi la kadi, sukuma plagi mpaka iingie kabisa na usione uwazi, waya uende moja kwa moja kidogo kwanza ndio uukunje.

Pawa saplai: SFX. Terra inapokea SFX na SFX-L, zile za kawaida za ATX hazina nafasi humu. SFX ina kina cha milimita 100, SFX-L 130, na hizo 30 za tofauti ndio sehemu ya kufichia waya zako, kwa hiyo chukua SFX. Mimi nina Corsair SF750, na hesabu yake ni rahisi tu, prosesa hata ikikamuliwa yote haizidi wati 162, kadi 220, bodi na SSD na feni wapige kama 50, jumla 430 na kitu, 750 inafanya kazi imetulia na feni yake mara nyingi wala haizunguki. NVIDIA wenyewe kwa hiyo kadi wanashauri 650. Na jamani, waya za pawa saplai moja usizichomeke kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama plagi inaingia. Upande wa kadi plagi zinafanana dunia nzima, ila upande wa pawa saplai kila mmoja amepanga pini zake anavyojua, unaweza kuunguza bodi, SSD na kila kitu kwa kubonyeza swichi mara moja tu. Kwa sisi tunaopenda kuazimana waya hili ni la kuambiana.

Kuhusu umeme wetu, hizi pawa saplai nzuri zinapokea volti 100 mpaka 240 zenyewe, haina haja ya transfoma. Ukiweka UPS (betri ya akiba), na kwa kukatikakatika kwa umeme ni vizuri uweke, tafuta ile ya wimbi safi la saini (kwenye boksi huandikwa "pure sine wave"), maana pawa saplai za kisasa nyingine zinagoma zikihamia kwenye betri ya UPS ya bei rahisi, umeme ukikatika nayo inazima hapohapo.

Prosesa nina Ryzen 7 7800X3D. Ilitoka Aprili 2023, koa 8, kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 96, na kwa kesi ndogo uzuri wake sio kasi peke yake, ni kwamba kwenye gemu inakula umeme kidogo mno kwa kazi inayofanya. Kikomo chake cha joto ni nyuzi 89. Ukienda kwenye prosesa zinazokula wati 200 na zaidi kwenye lita 10 unajitafutia kelele za feni tu. Mdogo wake aliyefuata, 9800X3D ya Novemba 2024, ana kasi zaidi na anaingia kwenye soketi ileile ya AM5, lakini bodi za AM5 za aina ya B650 zilizotengenezwa kabla yake zinataka BIOS (programu ya ndani ya bodi) mpya kwanza ndio zimtambue. Kwa hiyo ukinunua bodi hakikisha ina kitufe cha kuapdeti BIOS kwa flashi bila prosesa kuwepo. Na hata kwa 7800X3D apdeti ni lazima, maana Aprili 2023 kulikuwa na zile ripoti za prosesa kuungua kwenye bodi za AM5, na BIOS zilizofuata zikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye volteji ya SoC (sehemu mojawapo ndani ya prosesa). Bodi iliyokaa stoo tangu enzi hizo usiitumie na BIOS yake ya zamani.

Bodi ya ITX ni milimita 170 kwa 170, ina sloti moja ya kadi na sloti mbili tu za RAM. Mbili. Hamna kuongeza mbili nyingine baadae, kwa hiyo amua mapema, mimi nilichukua gigabaiti 32 kwa maana ya 16 mara mbili, mtu wa video nzito aende 64 moja kwa moja. AM5 inakula DDR5 peke yake, ile DDR4 uliyonayo kwenye mashine ya zamani haiingii. Kasi ya 6000 yenye EXPO (mpangilio wa kwenye BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili) ndio inayosifiwa kwa hizi prosesa na mimi nakubaliana.

Lakini RAM nayo ina kimo! Hapa ndipo wengi wanashikwa, kwa sababu kipoza joto cha kulala, yaani kifupi na kipana, kinatanda juu ya RAM. Nilichukua NH-L12S, kimo chake na feni ya upana wa milimita 120 iliyokaa chini ya bati ni milimita 70, ndani ya 77 zangu inakaa na nafasi ya hewa inabaki. Ila feni ikiwa chini, RAM isizidi kimo cha milimita 35. G.Skill Flare X5 ina 33, Corsair Vengeance ya DDR5 ya kawaida 35, hizo zinapita. Zile zenye mataa na mabati marefu ya zaidi ya 40 hazipiti, hata ziwe nzuri namna gani. Na mataa yenyewe humu ndani nani atayaona, milango ya Terra ni aluminiamu, sio kioo.

Kitu kingine kinachogombana na vipoza joto vya kulala ni yale mabati ya kupoza bodi yanayozunguka soketi. Bodi za ITX za AM5 zina mabati marefu kwa sababu wamebana kila kitu sehemu moja, na kuna kipoza joto kinaingia kwenye bodi hii kinagoma kwenye ile, hata kama zote ni B650. Noctua wana orodha kwenye tovuti yao, unaandika jina la bodi yako wanakuambia kipi kinakaa, kipi hakikai na kwa sababu gani. Huduma kama hii ndio inanifanya niwalipe zaidi kidogo. Ukiwa na 77 kamili na bodi yako inaruhusu, kuna NH-L12Sx77, ina bomba 6 za joto badala ya 4. Ukiwa na kadi nene, Thermalright AXP90-X47 ina kimo cha 47, bei yake nzuri, inatosha kwa 7800X3D ya gemu ila usitegemee ukimya.

Mtaniuliza kuhusu PCPartPicker, ile tovuti ya kupanga vifaa vya kompyuta na kuona kama vinaingiliana. Naitumia na naipenda, inakagua soketi, aina ya RAM, wati, urefu wa kadi, na ni bure. Lakini wenyewe wanakuandikia kabisa kwamba kuna vipimo hawakagui, kama RAM na kipoza joto kugongana. Ukuta unaosogea haiujui, waya unaokunjwa haiujui. Itumie kwa hatua ya kwanza, ikikupa alama ya kijani chukua kalamu urudie kwa milimita mwenyewe.

Kingine cha kuangalia kwenye bodi ni plagi ya USB-C ya mbele. Terra ina tundu la USB-C na la USB-A, bodi nyingine za bei ya chini hazina ile plagi ndogo ya ndani ya kuchomeka waya wa USB-C, tundu linabaki pambo. SSD weka ya Gen 4 (yaani PCIe 4.0) ukae kwa amani, za Gen 5 zina joto na faida yake kwenye gemu sijaiona. Kama bodi ina sehemu ya M.2 (sloti ya SSD) kwa nyuma, ujue pale imebanwa kati ya bodi na ukuta, hewa haifiki, kwa hiyo SSD ya kazi nzito iweke mbele penye bati lake na nyuma weka ya kuhifadhia mafaili.

Joto sasa, maana najua watu wa Dar, Tanga na Mombasa ndio wanalisubiri. Chumba kikiwa na nyuzi 32 kila kitu ndani kinapanda kwa kiasi hichohicho kulinganisha na ripoti unazoangalia za watu walioko kwenye nyuzi 20, hilo halikwepeki. Terra ina matundu mengi pande zote, kadi inavuta hewa mpya moja kwa moja kutoka mlangoni na kipoza joto upande wake hivyohivyo, na hiyo ndio faida kubwa ya mpangilio wa kupeana mgongo. Kwangu prosesa haijagusa 89 kwenye gemu. Nilichofanya ni kupunguza volteji kidogo kupitia Curve Optimizer (mpangilio wa kwenye BIOS) na kadi nayo nikaipunguzia, kasi haikupungua kwa kuonekana na kelele zikashuka sana. Ila hayo matundu yanaleta na vumbi, na mji wetu tunaujua, kwa hiyo milango ifunguliwe mara kwa mara ipulizwe, bahati nzuri haina skrubu hata moja.

Ambacho sikipendi: hamna nafasi ya rediaeta (bati la kupozea maji) ya milimita 240, kwa hiyo kipoza cha maji sahau. Kupanga waya kunataka subira kubwa, hasa ule mnene wa pini 24 wa bodi, waya laini na mfupi unasaidia mno. Na bei, kwa kesi tupu, iko juu. Mwenye bajeti ndogo au anayetaka kadi nene na kipoza joto cha mnara (kirefu cha kusimama) aangalie Cooler Master NR200 ya 2020, ina lita 18.25, inapokea kipoza joto mpaka milimita 155 na kadi mpaka 330, na hesabu zote hizi za 120 zinamwishia. Ni kubwa zaidi lakini ni kesi ya haki kabisa.

Wanaowaza RTX 5080 au 5090 Founders Edition, zote mbili zina urefu wa 304 na unene wa sloti mbili, kwa urefu na unene huo zinaingia, upana ndio uupime mwenyewe. 5080 ina wati 360, pawa saplai iwe 850, nakuelewa. 5090 ina wati 575, na wati 575 ndani ya lita 10 kwenye chumba kisicho na AC mimi sishauri, heri hiyo hela ikae kwenye monita nzuri.

Na kwa wote wa kadi za RTX mfululizo wa 50: hizo kadi ni PCIe 5.0 na raiza ya Terra ni 4.0, ukiwasha unaweza kupata kioo cheusi ukadhani kadi imekufa. Haijakufa. Ryzen 7000 na 9000 za AM5 karibu zote zina grafiki ndogo ndani yake, chomeka HDMI kwenye bodi, ingia BIOS, sloti ya kadi iweke Gen 4 badala ya otomatiki, sevu, rudisha waya kwenye kadi. Kasi unayopoteza ni ndogo mno hutaiona. Pia mara ya kwanza kabisa kuwasha, DDR5 inajipima yenyewe, kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa huku feni zinazunguka, usichomoe umeme katikati, iache imalize. Ukishaiona BIOS washa EXPO, hakikisha RAM inasoma 6000, ndio uchomeke flashi ya Windows.